Gulio la Kanisa: Mikono Nayo ni Sadaka

  

Mwezi huu ningependa tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalijua kwa miguu iliyovimba na mikono inayonuka vitunguu, nalo ni gulio la kanisa. Wengine huliita bazaa, wengine siku ya hisani, lakini sura yake ni ile ile. Maturubai hufungwa uwanjani, meza hutolewa madarasani, na kabla jua halijachomoza akina mama huwa wameshawasha majiko. Hapa kuna vitumbua na sambusa, pale mikeka na vitambaa vya kufuma, kule rundo la nguo zilizotolewa na washarika, na katikati ya uwanja mnada wa kuku, mayai na mikungu ya ndizi. Jioni mhazini husimama akataja kiasi kilichopatikana, na vigelegele hupigwa.

Kiasi hicho ni muhimu, kwani mabati hayanunuliwi kwa vigelegele. Lakini iko hesabu nyingine ambayo haiandikwi katika daftari la mhazini, na ni sisi akina mama tunaoweza kuifanya kwa kuwa ndio tunaojuana nyumba kwa nyumba. Nani hakuja? Na kwa nini hakuja?

Neno bazaa asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni soko tu. Huko Uingereza, mwaka 1816, mtu mmoja aitwaye John Trotter alifungua bazaa katika eneo la Soho, jijini London. Vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, na walikuwapo wajane na mayatima wengi wa maofisa wa jeshi waliobaki bila msaada. Katika jengo lake wanawake waliweza kukodi nafasi mezani kwa siku na kuuza kazi za mikono yao kwa heshima. Katika karne hiyo ya 19 makanisa na vyama vya hisani navyo vilianza kuandaa mabazaa, na akina mama wakawa nguzo yake. Tukumbuke basi kwamba meza ile ya Soho iliwekwa ili mwanamke asiye na fedha apate mahali pa kusimama.

Sisi nasi tunayo desturi yetu inayofanana na hiyo. Katika sharika nyingi za Kilutheri, hasa kule Kilimanjaro, mazao yanayoletwa kama sadaka hunadiwa nje ya kanisa baada ya ibada. Mkulima asiye na shilingi mfukoni huleta mkungu wa ndizi au mayai, na mwenye fedha hununua. Mara nyingine anayenunua hukirudisha kitu kile kile, kikanadiwa tena, hata yai moja likaleta fedha ya trei nzima. Uzuri wa mnada ni kwamba kila mtu hutoa alichonacho, na hakuna anayeulizwa kwa nini hakuleta kile asichonacho.

Sasa niwasimulie habari moja. Miaka michache iliyopita usharika mmoja ninaoufahamu uliandaa gulio ili kujenga vyoo vya shule ya awali. Haja ilikuwa kubwa, maana watoto zaidi ya 80 walikuwa wakitumia matundu mawili tu, na hapakuwa na maji ya kunawa. Mimi niliombwa kusimamia meza ya afya. Kamati ilikuwa imeshaamua kwamba kila mama atoe shilingi 20,000 au kitu chenye thamani hiyo, na majina ya ambao hawajatoa yangesomwa mwisho wa ibada, kama ilivyofanyika mwaka uliotangulia.

Alikuwapo mama mmoja mjane, mwenye watoto wanne, anayeuza mboga kando ya barabara. (Ameniruhusu kuyaandika haya, mradi nisimtaje jina.) Jumapili ya kwanza sikumwona kanisani, ya pili sikumwona, na ilipofika ya tatu nikaenda kwake. Nilimkuta ameketi kibarazani akichambua mchicha.

“Unaumwa, dada?” nilimwuliza.

“Siumwi, nesi. Ila majina yanaanza kusomwa.”

Nikamwambia Mungu hatazami mfuko wa mtu. Akaweka kisu chini.

“Najua Mungu hatazami,” akasema. “Mimi nawazungumzia wanaokaa benchi la nyuma yangu.”

Kisha akanieleza kwamba shilingi 20,000 ndizo mtaji wake wote. Kwa fedha hizo hununua mboga alfajiri, huziuza mchana, na jioni hula faida pamoja na watoto na kubakiza mtaji wa kesho. “Nikiutoa Jumapili,” akauliza, “Jumatatu nitauza nini?”

Akina mama, swali hilo ni zito. Tunamsifu yule mjane wa Injili ya Marko sura ya 12 aliyetia hazinani senti zake mbili, na ni haki kumsifu. Lakini tusisahau kwamba mjane yule alitoa kwa moyo wake. Hakusomewa jina. Tena mistari michache kabla ya hapo Bwana Yesu aliwaonya watu wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Habari hizo mbili zimekaa jirani katika Biblia, na nadhani si kwa bahati.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa akina mama, bila kumtaja mtu. Ni mama mtu mzima, mwenye busara, aliyelitumikia kanisa kwa miaka mingi. Akanijibu, “Tukimsamehe mmoja leo, kesho wataomba ishirini. Vyoo vya watoto atavijenga nani?” Nalo ni swali la haki. Kamati isiyokuwa na kiwango huishia kukusanya ahadi. Mazungumzo yakawa marefu, na chai ikapoa vikombeni. Mwishowe mhazini, ambaye ni mwalimu na si msemaji sana, alichukua daftari akapiga mistari, akapata safu tatu. Juu yake akaandika: FEDHA, VITU, KAZI. Akapendekeza kila mama ajaze safu moja au zaidi kwa hiari yake mwenyewe, na majina yasisomwe kabisa. Wakakubaliana kujaribu kwa mwaka mmoja.

Yule mama aliposikia habari ya safu ya tatu, alikuja. Kumbe alikuwa fundi cherehani. Mashine yake aliiuza wakati mumewe alipokuwa mgonjwa, na tangu hapo watu wakamjua kwa mboga tu. Usharika ulikuwa na magunia ya nguo zilizotolewa, nyingi zipu zimekufa, vifungo havipo, pindo zimefumuka. Mpango ulikuwa kuzimwaga chini na kuziuza shilingi 500 kila moja. Stoo kulikuwa na cherehani ya zamani isiyotumika. Jioni 10 mfululizo mama yule na wasichana wawili wa kwaya walikaa wakishona, wakifua na kupiga pasi. Nguo walizozitengeneza zilikuwa 64. Kwa bei ya rundo zingeleta shilingi 32,000, lakini siku ya gulio, zikiwa zimetundikwa kwa unadhifu, zilileta shilingi 151,000. Ziada ni shilingi 119,000, karibu sawa na michango ya akina mama sita.

Nilipomtazama nyuma ya meza ile nilimkumbuka Dorkasi wa Yafa (Matendo 9:36–42). Alipofariki, wajane walimzunguka Petro wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Hatusomi kwamba yeyote alimwonyesha stakabadhi ya michango ya marehemu.

Nisiwafiche, si kila jambo lilikwisha vizuri. Wapo walionung’unika kwamba wenzao wamepewa njia ya mkato. Yuko pia mama mwingine ambaye jina lake lilikuwa limesomwa mwaka uliotangulia. Huyo hajarudi hadi leo, ingawa ametembelewa zaidi ya mara moja. Neno likishatoka kwenye kipaza sauti halirudi.

Kama usharika wenu unajiandaa kwa gulio, nawaomba mfikirie daftari la safu tatu. Lakini nalo linataka uangalifu, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, safu ya KAZI isigeuke kuwa safu ya maskini. Ni rahisi sana wenye fedha wakaketi meza kuu na mgeni rasmi, huku waliotoa jasho wakiinamia masufuria nyuma ya jengo. Yakobo katika sura ya 2 ya waraka wake aliwakemea waliompa mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri na kumwambia maskini asimame. Basi mama aliyetoa shilingi 200,000 naye apangiwe saa moja ya kuosha vyombo, na muuza mboga akae meza ya mauzo, maana kuhesabu chenji anakujua kuliko wengi wetu. Zamu ziandikwe mapema, kila mtu asizidi saa tatu, ili asiwepo anayefanya kazi tangu alfajiri hadi usiku huku wengine wakipiga picha. Wala tusiagize sare mpya ya kitenge kwa ajili ya siku hiyo. Sare ni mchango mwingine kwa mlango wa nyuma.

Pili, kazi isiyoonekana nayo iheshimiwe. Kama muuguzi, nikiulizwa ni nani mtu muhimu kuliko wote siku ya gulio, nitasema ni yule anayesimama penye maji ya kunawa. Ndoo yenye koki, au kibuyu chirizi, pamoja na sabuni, viwekwe karibu na choo na karibu na chakula. Awepo mtu wa kujaza maji na kuwakumbusha watoto kwa upole. Kazi hiyo haina vigelegele, lakini ndiyo inayotukinga na kuhara na kipindupindu.

Chakula nacho kilindwe kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, lililozitoa mwaka 2001 kwa mafungu matano: usafi, kutenga vibichi na vilivyopikwa, kupika hadi kuiva kabisa, kuhifadhi katika joto linalofaa, na kutumia maji na mazao salama. Kwa lugha ya jikoni ni hivi. Kisu na ubao wa nyama mbichi visiguse kachumbari. Nyama na kuku viive hadi ndani. Pilau na mchuzi vibaki vya moto sana, juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, katika hotipoti au juu ya jiko lenye makaa machache. Chakula kilichopikwa kisikae kwa zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida. Wali hasa tuuogope, maana wapo vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kupikwa, nazo huamka wali unapokaa vuguvugu. Mwenye kuhara, kutapika au kidonda mkononi asishike chakula siku hiyo. Apewe kazi ya kupokea wageni, au apumzike nyumbani.

Majiko yawekwe mbali na njia ya watoto. Mtu akiungua, apozwe kwa maji safi yanayotiririka, yasiyo ya barafu, kwa muda wa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, mafuta wala yai. Akiwa ni mtoto mdogo, au jeraha likiwa kubwa, au liko usoni au mikononi, apelekwe hospitali.

Tatu, tuwatunze wanaojitolea. Mama mjamzito apewe kazi ya kukaa. Anayetumia dawa za shinikizo la damu au kisukari azimeze kama kawaida na asishinde na njaa kwa sababu ya kuwahudumia wengine. Kama mna meza ya kupima shinikizo la damu, mpimeni mtu akiwa ameketi na kupumzika dakika 5, nyuma ya pazia, na namba yake isitajwe kwa sauti. Anayekutwa na 140/90 au zaidi aandikiwe karatasi aende kituo cha afya apimwe tena, maana kipimo kimoja katika kelele za gulio hakitoshi kumwita mtu mgonjwa. Tena dawa za hospitali zisipokelewe wala kuuzwa katika gulio, hata kama mtoaji ni mtu wa nia njema.

Nne, hesabu ziwe wazi. Mtume Paulo alipopeleka mchango wa makanisa hakumtuma mtu mmoja. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine, ili asiwepo wa kuwalaumu (2 Wakorintho 8:16–21). Basi kila meza iwe na watu wawili, fedha zihesabiwe na watu wawili, na wote watie sahihi. Malipo ya simu yaingie katika namba ya usharika, si katika simu ya mama fulani, hata angekuwa mwaminifu kama Danieli. Kufanya hivyo ni kumlinda yeye mwenyewe.

Tujifunze pia kutofautisha mauzo na faida. Tuseme mama ameuza maandazi 200 kwa shilingi 300 kila moja. Mauzo ni shilingi 60,000. Kama unga, mafuta, sukari na mkaa vimegharimu shilingi 35,000, faida ni shilingi 25,000. Aulizwe kabla: gharama hizo arudishiwe, au anazitoa? Akizitoa, ziandikwe chini ya jina lake katika safu ya VITU. Mara nyingi sisi akina mama hutoa mara tatu, kwa kuchanga, kwa kuleta unga wa nyumbani, na mwisho kwa kununua maandazi tuliyoyapika wenyewe. Halafu wiki inayofuata watoto wanakunywa uji bila sukari.

Kwa hiyo, tano, tuzungumze nyumbani mapema. Mwambie mume wako siku, saa na kiasi, kabla hajaona debe la unga limepungua. Mwombe naye ajaze safu yake. Wapo akina baba hodari wa kufunga maturubai, kubeba maji na kukaa na watoto wadogo. Watoto wakubwa wapewe kazi fupi zinazolingana na umri wao. Mtoto aliyebandika bei kwenye vikombe kwa mkono wake atalikumbuka gulio hilo maisha yake yote, na atajua kwamba kanisa ni lake.

Baada ya gulio msikimbilie kutandika vitanda na kusahau. Jumapili inayofuata zisomwe hesabu zote tatu: fedha zilizopatikana baada ya kutoa gharama, vitu vilivyotolewa, na saa za kazi ambazo watu walijitolea. Katika usharika ule saa zilizoandikwa zilizidi 600. Mchungaji alipozisoma, kanisa lilinyamaza kwanza, ndipo vigelegele vikaja. Wengi hawakujua kwamba walikuwa wametoa kiasi hicho. Vyoo vilijengwa, matundu sita, na mabomba ya kunawia yaliyo chini kiasi cha mtoto wa miaka minne kuyafikia.

Halafu wiki ile ile gawaneni nyumba, wawili wawili, mkawatembelee ambao hawakuja. Msiende na daftari. Nendeni na maandazi yaliyobaki, kama yapo na bado ni mazuri, na mwulizeni mwenzenu habari za watoto kabla ya kumwuliza habari za kanisa.

Mungu azibariki kazi za mikono yenu na kuzilinda nyumba zenu. Tukutane tena mwezi ujao, tukijaliwa.